Walipotangaza Kazi Yangu

Hapa Mwanza kuna watu wanaosema nilirudishwa. Hawasemi mbele yangu. Wanasema kwa kinyozi, wanasema msibani wakati chakula kinasubiriwa, na maneno yao hunifikia kabla chai yangu haijapoa. Mtu hawezi kukaa Marekani miaka yote ile akarudi kwa hiari yake, wanasema, lazima alikamatwa. Nawasamehe kwa kuwa hawajui. Basi leo nitaeleza jinsi nilivyopata ukaazi wa kudumu wa nchi ile, na anayetaka kuendelea kunong'ona aendelee akiwa na habari kamili.

Kwanza ieleweke kwamba sikuupata kwa bahati nasibu. Wapo Watanzania wengi walioupata hivyo: walijaza majina yao kwenye kompyuta ya rafiki, wakasahau, wakashinda. Siwadharau. Wala sikuoa raia. Nilikwenda na mke wangu huyuhuyu mnayemwona. Mimi nilidhaminiwa na mwajiri. Maana yake ni kwamba kampuni ya Wamarekani, katika nchi yenye watu wote wale, ilisimama mbele ya serikali yake ikasema: tumetafuta, hatukupata, tunamtaka huyu. Nakuomba msomaji uisome tena sentensi hiyo. Mimi huwa nairudia moyoni nikiwa naoga.

Elimu yangu ni stashahada. Ni stashahada ya juu ya uhandisi mitambo, ile ya zamani, ambayo wenzetu wenye digrii walikuwa wakiicheka. Wamarekani waliipima wakaiweka daraja moja na digrii yao, na waliocheka sijawasikia tena. Baada ya chuo nilifanya kazi katika kiwanda cha minofu ya sangara hapahapa Mwanza, kwenye mitambo ya kugandisha inayotumia amonia. Amonia si gesi ya friji ya nyumbani. Friji ya nyumbani ikivuja, utajua maziwa yakichacha. Amonia ikivuja, utajua kwa macho na mapafu yako, na kama hujui la kufanya, hutajua tena jambo jingine lolote. Niliishi nayo miaka mingi. Nilijifunza kusikiliza kompresa kama mama anavyosikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi.

Baadaye nilikwenda Minnesota kusoma zaidi, kwa juhudi zangu mwenyewe, na nilipomaliza, ghala moja la vyakula vilivyogandishwa kule Inver Grove Heights likanichukua kwa kibali cha muda. Ghala lilikuwa karibu na mto Mississippi, na ndani yake walilala batamzinga kwa maelfu wakisubiri sikukuu. Sisi tulikuwa tukiishi Richfield, chini kabisa ya njia ya ndege. Ndege ikipita, watu wote chumbani hunyamaza, kisha huendelea na sentensi palepale walipoiachia. Hata wageni walijifunza desturi hiyo.

Bosi wangu alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, aliyeacha sigara na kuhamia kwenye mbegu za alizeti. Watu wa Minnesota hawasifu. Ukimwokolea mtu nyumba isiungue, atakuambia, "Si mbaya." Mimi sikuzoea. Siku moja ya baridi kali, kompresa kubwa ilianza kugonga, na mafundi walioitwa kutoka nje wakasema ni lazima ifunguliwe yote. Nikasimama, nikaisikiliza, nikasema kwamba kimiminika kinarudi mahali pasipotakiwa, na kwamba kuna valvu imekwama wazi kule juu. Nikapanda. Ilikuwa imekwama wazi. Nikaifunga, na mlio ukanyooka.

"Si mbaya," bosi alisema.

"Si mbaya?" nikamwambia. "Hiyo ni nzuri sana, na unajua."

Alinitazama kama mtu aliyemsikia mbwa wake akizungumza. Kisha akacheka mpaka maganda ya alizeti yakamtoka mdomoni. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu.

"Kibali changu kinaelekea ukingoni," nikasema. "Naomba mnidhamini ukaazi wa kudumu."

"Na tusipokudhamini?"

"Mtatafuta mtu mwingine wa kukaa na hii amonia."

Akatafuna. Akaitazama kompresa. "Naona hilo si wazo baya," alisema.

Nilirudi nyumbani nikipiga honi barabara nzima. Mke wangu alilia. Kule nyumbani alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari, na si mwalimu wa kubahatisha. Wapo madaktari wa Bugando waliopita mikononi mwake. Lakini kwa aina ya viza tuliyokuwa nayo, mke hakuruhusiwa kufanya kazi. Mwanamke aliyekuwa akinyamazisha darasa zima kwa kuinua chaki alikuwa akishinda ndani Richfield, akimfundisha hesabu binti yetu, naye binti akimjibu kwa Kiingereza kwamba mwalimu wao hafanyi hivyo. Ukaazi wa kudumu ungemrudishia darasa lake. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta, kuliko hata kadi yenyewe ya ukaazi.

Tukaitwa kwa mwanasheria wa kampuni, mwanamke mwembamba aliyezungumza kama anayesoma maelekezo ya dawa. Alieleza kwamba kabla ya kunidhamini, kampuni ni lazima iitangaze kazi yangu hadharani, gazetini siku ya Jumapili na mahali pengine, kana kwamba nafasi iko wazi. Akijitokeza raia au mkaazi wa kudumu mwenye sifa, na aliye tayari kuifanya, udhamini wangu unaishia hapo. Nitaendelea na kazi mpaka kibali changu kiishe, kisha nitafunga mizigo.

"Na wewe," akanielekezea kalamu, "hutahusika kwa lolote. Usisome maombi, usiwahoji waombaji, usimshawishi mtu aombe au asiombe. Ikijulikana umeingiza mkono, kesi yote imekufa. Kaa kimya."

Mke wangu, aliyekuwa amekaa kwa adabu zake zote, akaangua kicheko.

"Samahani," akamwambia mwanasheria. "Umemwambia nani akae kimya?"

Basi nikakaa kimya. Sikumwambia mtu. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu watu wetu hawajui kuniona nimenyamaza.

Katika Jumuiya yetu ya Watanzania pale kulikuwa na dada katibu, mama mmoja mchangamfu aliyefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kila Jumapili alipitia matangazo ya kazi na kuyatuma kwenye kundi letu la simu, kwa imani kwamba riziki ikipita mlangoni kwako na wewe umeshiba, mwite jirani. Watu wengi walipata kazi kwa mkono wake. Jumapili ile akaona tangazo: mhandisi wa mitambo ya amonia, ghala la vyakula vilivyogandishwa, Inver Grove Heights. Akalisoma mara mbili. Anayeifanya kazi hiyo alimjua. Kila mtu alimjua, maana nilikuwa nimewasimulia. Na kwa muda mrefu mtu huyo alikuwa kimya. Akapata jibu lake.

Sisi tukifikwa na jambo hatuulizwi. Watu huja tu. Jumamosi iliyofuata, mchana, nikasikia milango ya magari inafungwa nje, mingi. Nikachungulia. Wanawake wenye khanga juu ya makoti ya baridi, sufuria la pilau limebebwa na wawili, wanaume wanatembea taratibu kama wanaingia hospitali. Mbele yao mzee mwenyekiti wa Jumuiya, kofia mkononi.

"Pole sana, bwana," alisema mlangoni.

"Asante," nikajibu, kwa mazoea. "Pole ya nini, mzee?"

"Usijikaze. Tumeshasikia."

"Mmesikia nini?"

"Yaliyotokea."

Nikamgeukia mke wangu nione kama kuna msiba nyumbani ambao sikuambiwa. Naye akanitazama mimi kwa wasiwasi uleule. Wageni wakaingia, viatu vikajaa mlangoni, kinamama wakaenda jikoni moja kwa moja. Mzee mwenyekiti akaomba dua fupi, kisha akampa nafasi mzee wa kanisa aombe kwa upande wa pili, ndiyo desturi yetu kule, na wote wawili wakaniombea subira. Nikasema amina mara mbili bila kujua naitikia nini.

"Kazi ni koti," mzee akaanza. "Leo unalivaa, kesho linavuliwa. Kinachobaki ni mwili. Wewe una mwili, una ujuzi, una mke. Waliokufukuza watajuta."

"Nani kafukuzwa?"

Nyuma kabisa mtu akashindwa kujizuia.

"Si wewe uliyesema ukikosekana siku moja batamzinga watafufuka?" akauliza. "Hebu tuambie, wameshaanza kuwika?"

Wengine walijifanya wanakohoa. Nakiri kwamba maneno hayo ni yangu, niliyasema kwenye sherehe ya Uhuru, na bado naamini yalikuwa kweli.

Ikabidi nivunje ukimya. Nikawaeleza yote: udhamini, tangazo, sheria ya kuwatafuta kwanza wenyeji. Niliposema kampuni inanitaka kiasi cha kwenda serikalini kwa ajili yangu, nilisimama ili walio nyuma wasikie. Nyuso zikabadilika moja moja. Kinamama wakatoka jikoni na miiko. Mtu akapiga kigelegele. Yule wa batamzinga akasema, "Basi hapo amepona, sasa tutamsikia mpaka Pasaka."

Ila dada katibu hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Injinia," alisema, "akijitokeza mtu mwenye kadi, mwenye ufundi, wewe ndiyo basi?"

"Ndiyo basi."

"Mimi tangazo nimelituma kundini."

"Nimeliona. Nani kwenye kundi letu anajua amonia?"

Hapo akanyanyuka mtu aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, sahani ya pilau mkononi. Alikuwa mwenyeji wa Tanga aliyekuwa akiishi mtaa wa Phillips, fundi wa viyoyozi, mtu wa maneno laini. Kadi yake alikuwa ameipata kwa bahati nasibu.

"Ni mimi, kaka," alisema. "Nimeomba. Nilijua wewe umeshatolewa, nikasema riziki ya nyumbani isiende nje. Wamenijibu. Wananiita kwenye usaili."

Ndege ikapita juu ya nyumba. Sote tukanyamaza kama kawaida yetu, na sijawahi kuishukuru ndege kama ile, maana sikuwa na neno. Ilipokwisha kupita, yeye ndiye aliyeendelea.

"Lakini hili ni jambo dogo. Kesho kutwa nawapigia, nalitoa ombi langu. Nitasema nimepata kwingine."

"Alhamdulillahi!" mzee mwenyekiti akasema. "Limekwisha. Tuleni."

"Halijakwisha," nikasema.

Nilimwona mke wangu akinitazama kutoka mlango wa jikoni, na kwa macho yake alikuwa ananiambia nikae chini. Sikukaa.

"Usilitoe kwa ajili yangu," nikamwambia Mtanga. "Kwanza nimekatazwa kushawishi mtu, na hapa mmejaa mashahidi. Pili, sitaki kadi ya kuachiwa. Nenda kwenye usaili. Kama unaiweza kazi, ni yako. Kama huiwezi, nijue kwamba niliipata kwa sababu hakuna mwingine."

"Kaka, una uhakika?"

"Nenda. Vaa vizuri."

Watu wakaguna. Wengine walisema huo ni uungwana, wengine wakasema ni kiburi kilekile kimevaa kanzu. Pilau ikaliwa. Ilikuwa nzuri sana, kwa pilau ya kufukuzwa kazi.

Walipoondoka, mke wangu akaanza kuosha sufuria la wageni. Alikuwa akilisugua kwa nguvu kuliko lilivyohitaji.

"Ile ilikuwa kazi yangu pia," alisema bila kugeuka. "Darasa langu. Umeliweka mezani ukalicheza kama kete ya bao."

"Hajui amonia."

"Unajua hajui? Umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Na mwanasheria nilipompigia, aliniongezea uzito. Haitoshi, alisema, kwamba mwombaji hajui. Kama anaweza kujifunza kazini kwa muda mfupi, anahesabiwa anafaa. Nikaweka simu chini, na ndipo nilipoogopa. Mafundi wa Tanga si wajinga. Nilianza kumwona yule bwana katika kila pembe ya chumba changu cha mitambo, akiwa amevaa kofia yangu.

Siku ya usaili bosi alinituma kwenye jengo jingine, upande wa pili wa maegesho, nikakague feni ambazo sote wawili tulijua hazina tatizo. Nilizikagua. Nilipotazama nje nikaona gari la Mtanga limeegeshwa, na yeye akivuka theluji kwa suti ya arusi. Kweli alivaa vizuri. Sikumpungia mkono. Jioni bosi alipita karibu yangu akitafuna alizeti zake, hakusema lolote, nami sikuuliza, na kama kuna mtu anadhani hilo lilikuwa rahisi kwangu, basi hajasoma tangu mwanzo.

Aliyekuja kunieleza ni Mtanga mwenyewe. Alikuja na mkewe, wakaleta halua. Nilimwambia mlangoni kwamba siruhusiwi kumuuliza kitu.

"Usiulize," alisema. "Kaa unywe kahawa, mimi nitakuwa namsimulia shemeji."

Akamgeukia mke wangu. "Shemeji, yule mzee wa ndevu ni mtu mwema. Aliniuliza habari za viyoyozi, nikamjibu vizuri, akawa anaandika. Nikaona mambo yananiendea. Kisha akanipeleka kwenye chumba cha mitambo cha mumeo. Shemeji, pale ndani panaunguruma! Mabomba manene kama mapaja ya mtu. Akafungua kidogo kitu fulani, nikavuta pumzi moja. Moja tu. Macho yakajaa maji, nikajikuta nimerudi mlangoni."

"Umerudi mlangoni?" nikasema.

"Kaka, hujaruhusiwa kuuliza. Basi yule mzee hata hakukohoa. Akaniuliza: gesi hii ikianza kuvuja na wewe uko peke yako, jambo la kwanza utafanya nini?"

"Ukasemaje?" mke wangu akauliza. Alikuwa ameshika kikombe hewani.

"Ningeweza kudanganya, nilikuwa nimetazama video mbili. Lakini nikafikiri, siku ikivuja kweli, video itanisaidia nini? Nikamwambia ukweli: nitakimbia nje, nivute pumzi, halafu nimpigie simu Injinia."

Mkewe akaangua kicheko. Mke wangu akaweka kikombe chini, akajifunika uso kwa khanga, na mabega yakawa yanatikisika. Sikujua kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua.

"Akasemaje, yule mzee?" nikauliza. Kanuni zilikuwa zimeshanishinda.

"Alisema," Mtanga akaigiza sauti nzito ya bosi wangu, "hilo si jibu baya."

Waombaji wengine walikuwapo, sikuwahi kuwajua. Mwanasheria alipiga simu majira ya theluji kuyeyuka, akasema kwamba hakupatikana mwenye sifa, na kwamba amonia si kitu cha kujifunza juu juu, bosi alilisimamia hilo kwa kinywa chake. Kilichofuata kilikuwa kusubiri, alama za vidole, daktari, na kusubiri tena. Siku kadi zilipofika kwa posta, binti yetu aliitazama yake akasema kwa Kiingereza kwamba kwenye picha anaonekana amechoka. Mke wangu aliitia yake ndani ya kitabu cha hisabati. Alichukua masomo aliyotakiwa kuongeza, akafanya mitihani yao, na mwaka uliofuata alikuwa amesimama mbele ya darasa la watoto wa Kisomali, Wameksiko na Wazungu wa Richfield. Nilikwenda kumsikiliza siku moja nikiwa mlangoni. Aliinua kalamu ya ubao, na darasa likanyamaza.

Mtanga je? Bosi hakumsahau. Nafasi ya msaidizi ilipotokea, aliniuliza kama naweza kukaa na mtu anayekiri asichokijua. Nikamwambia kwamba mimi mwenyewe sina tabia hiyo, kwa hiyo tutakamilishana. Nilimfundisha amonia yote, nami nikifundisha, mtu huelewa. Nilipoamua kurudi kujenga vyumba vyangu vya baridi hapa Mwanza, watu wa Jumuiya walikuja tena Richfield na sufuria lilelile, safari hii wakijua wanakuja kwa sababu gani. Mke wangu alikubali turudi, ila alinifanya nisubiri mpaka darasa lake limalize mitihani. Binti alibaki chuoni. Kadi yangu niliirudisha kwa mkono wangu mwenyewe ubalozini, Dar es Salaam, na afisa aliyeipokea aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Nilikuwa na hakika. Huo ndio urudishwaji wangu.

Siku hizi kiti changu kule Inver Grove Heights anakikalia Mtanga. Huwa ananipigia saa ambazo huku ninafungua karakana na kule yeye anafunga zamu. Hata salamu hazijakwisha, mimi huuliza, "Vipi huko?"

"Wamelala, kaka," hujibu. "Hajafufuka hata mmoja."